Aliyempiga Mwalimu

Mkuu wa shule alipompigia simu na kumwomba apite ofisini kwake mara moja, Tembo alidhani ni habari ya madirisha. Mwaka uliopita aliwatengenezea geti, na geti lilikuwa halijalia hata siku moja, kwa hiyo aliona ni jambo la kawaida wamwite tena. Akachomeka futikamba yake ya kupimia kiunoni, akamwambia mwenzake wa karakana aendelee kukata mabomba, akavuka barabara.

Tembo halikuwa jina lake, bila shaka. Walimpachika mafundi wenzake kwa sababu ya mwili: mabega ya kubeba boriti la chuma bila kusaidiwa, na viganja ambavyo vikishika kikombe cha chai, kikombe hakionekani. Lakini mtu mwenyewe alikuwa mpole kupita kiasi. Kuku wa jirani walitaga chini ya meza yake ya kuchomelea, na yeye badala ya kuwafukuza alisogeza vyuma vyake kuwapisha. Wenzake walisema Tembo akikanyaga sisimizi, humwomba radhi.

Katika shule hiyo ya chekechea ndiko mkewe alikofundisha. Alipopita mbele ya darasa lake alimsikia akiwaimbisha watoto, akatabasamu, akaenda zake ofisini.

Mkuu wa shule alikuwa mama aliyekaribia kustaafu, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi. Alimkaribisha, akafunga mlango, kisha akafunga na dirisha. Tembo akalitazama lile dirisha, akaanza kuvuta futikamba.

"Kaa kwanza, baba," mama yule alisema. "Nina swali, na nataka unijibu ukinitazama usoni. Unampiga mkeo?"

Futikamba ilikuwa imeshatoka nusu. Ilimponyoka, ikarudi ndani yenyewe kwa mlio kama wa mjeledi, ikamkata kidole. Hakuhisi kitu.

"Nani?" ndilo neno pekee alilolipata.

"Wewe. Jana alipanda kiti kutundika michoro ya watoto. Alipoinua mikono, mikono ya gauni ikateremka. Nimeona, na watoto wameona. Mmoja alimuuliza kama amejipaka rangi. Nikamwita pembeni. Akaniambia amejigonga kwenye meza." Alivaa miwani yake, akamtazama vizuri. "Nimefanya kazi na wanawake miaka mingi. Meza za mji huu, baba, zina makosa mengi sana."

"Mimi sijawahi kumgusa kwa ubaya. Hata siku moja."

"Wote husema hivyo pia."

Hakupaza sauti, wala hakuonekana kufurahia. Alisema tu kwamba ameshampigia simu mama yake mkewe, na kwamba ameona ni haki Tembo asikie kutoka kwake kuliko kusikia mitaani. Kisha akamfungulia mlango.

Tembo alitoka akiwa hajui miguu inampeleka wapi. Alifika karakana, akavaa miwani myeusi, akawasha mashine, akachomelea bawaba upande usio wake. Mwenzake alipomwambia, aliitazama ile bawaba muda mrefu kama mtu anayesoma maandishi ya lugha ngeni.

Kilichomchanganya ni kwamba yale madoa aliyajua. La kwanza aliliona pajani mwa mkewe wiki chache nyuma, duara la rangi ya zambarau, na mkewe alisema ni kona ya kitanda. Walicheka. Likafuata la kwenye kiwiko, la nyongani, la mgongoni ambapo hakuna meza inayofika. Halafu fizi zikaanza kutoa damu akipiga mswaki, na kwenye miguu vikatokea vidoa vyekundu vidogo kama mtu aliyechomwachomwa kwa ncha ya sindano. Mkewe alisema ni joto. Kabla ya hapo alikuwa ameumwa mafua mabaya aliyoambukizwa na watoto wa darasani, na kila lililofuata alilitupia mafua yale.

"Twende hospitali, Mwalimu," Tembo alikuwa akimwambia. Ndivyo alivyomwita mkewe, Mwalimu, naye akamwita Fundi, tangu siku ya kwanza walipokutana kwenye lile geti.

"Kwa ajili ya madoa? Mimi ngozi yangu ya ndizi mbivu tu, Fundi. Ukiigusa inaweka alama."

Basi akaanza kuvaa mikono mirefu, kwa kuwa watoto hawaishiwi maswali. Na Tembo, kama wanaume wengi wanaopenda amani, alisema mara mbili kisha akanyamaza.

Alasiri ile aliporudi nyumbani alimkuta mkewe amekaa ukingoni mwa kiti, viatu bado miguuni na koti dogo bado mwilini.

"Mkuu amekuita," alisema Mwalimu.

"Ameniita."

"Nilimwambia si kweli. Nilimwapia. Alinitazama kama ninavyomtazama mtoto aliyelowa akasema ni maji." Alianza kucheka, na kicheko kikamgeukia katikati. "Kadiri nilivyokukingia kifua ndivyo alivyozidi kuamini. Nikasema wewe ni mpole, akatikisa kichwa. Nikasema unanipenda, akanishika bega."

Tembo alitaka kumkumbatia. Mikono yake ilinyanyuka, halafu akaiona, ile mikono mikubwa, ikiwa hewani mbele ya mkewe, akaishusha. Yeye mwenyewe hakuelewa kwa nini.

Hawakukaa sana. Jua lilikuwa bado halijazama waliposikia lori likizima nje, na akaingia kaka yake Mwalimu bila kubisha, nyuma yake mama yao. Kaka mtu alikuwa dereva wa lori la mchanga, mtu wa maneno machache na hasira nyingi, na dada yake huyu ndiye alikuwa kitinda mimba wao.

"Vua hilo koti dogo," alimwambia dada yake.

"Kaka, nisikilize."

"Nimesema vua."

Mwalimu alivua. Mama yao alipoiona ile mikono alijishika kinywa. Hata Tembo, aliyeiona kila siku, aliiona upya kwa macho yao. Mikono ilikuwa na madoa ya kila rangi, meusi, ya zambarau, ya manjano ya kuiva, moja juu ya jingine.

"Mama, naapa..." Tembo alianza.

"Usiniite mama," mama mkwe alisema, taratibu kabisa. "Nilimwambia huyu binti kabla hajaolewa. Baba yako alimpiga mama yako mpaka akapoteza jino na jicho moja likafa. Nikamwambia, mtoto wa nyoka ni nyoka. Akaniambia huyu si kama baba yake."

Habari za baba yake, Tembo hakuwahi kumwambia mtu yeyote duniani ila mkewe, kabla ya harusi, siku moja wakiwa wamekaa kwenye rundo la mabomba karakana, na alilia alipomwambia. Aligeuka kumtazama Mwalimu. Mwalimu alikuwa ameinamisha uso.

Wala hakuiona ngumi ikija. Shemeji yake alimpiga chini ya jicho, Tembo akapepesuka, akaangukia kabati, vyombo vikamwagika. Hakurudisha. Alikaa pale sakafuni katikati ya sahani kama mtoto aliyeketishwa, na jambo alilokuwa akiliwaza ni kwamba mtu aliyepigwa ndivyo anavyokuwa basi; mama yake ndivyo alivyokuwa akisikia.

Mwalimu alijitupa katikati yao. Kaka yake akamkamata mkono juu ya kiwiko, akamvuta kuelekea mlangoni.

"Unakwenda nyumbani. Mengine baadaye."

"Niache, kaka. Unaniumiza."

"Leo ndiyo unajua kusema unaumia?"

Lori likawaka, likaondoka. Tembo aliokota sahani moja moja, akazipanga.

Alipobaki peke yake ndipo wazo likamjia, na lilipokuja halikutoka tena. Mtu akilala hajui anachofanya. Yeye alikuwa mtu wa ndoto nzito. Mkewe alishamwambia huota anapiga nyundo. Je, kama mkono huu unanyanyuka wakati yeye hayupo? Je, kama baba yake yumo humo ndani, analala mchana na kuamka usiku? Kulipopambazuka alikuwa ameshahukumu kesi yake mwenyewe, na hukumu haikuwa nzuri.

Asubuhi alikwenda karakana kwa sababu hakujua pa kwenda kwingine. Jicho lilikuwa limevimba na kufumba. Mwenzake alilitazama, akaendelea na kazi. Lori la mchanga likasimama mbele ya geti.

Tembo aliweka chini chuma alichokuwa amekishika. Alisogea mpaka uwazi, mahali ambapo kama ni kupigwa, atapigwa bila kuvunja vitu vya watu.

Lakini shemeji yake hakuja kupigana. Alisimama hatua chache kutoka kwake, uso umempauka, mkono wa kulia ameushika mbele kama kitu kisicho chake.

"Ni vidole vyangu," alisema.

"Vipi?"

"Mkononi kwake. Vinne na kidole gumba. Tumefika nyumbani, mama anamkanda, tukaona vinatokea. Mbele yetu, shemeji. Kwanza vyekundu, halafu vyeusi. Nilimshika tu. Siwezi kusema sikumvuta, nilimvuta, lakini ni kumshika tu." Akaelekeza lorini kwa kidevu. "Na tangu alfajiri pua inatoka damu. Haikomi. Mama ameshabadilisha taulo mara sijui ngapi. Yumo humo."

Tembo alikuwa ameshafika kwenye mlango wa lori kabla sentensi haijaisha.

Mwalimu alikuwa amekaa kati ya viti, kichwa kimeegemea kifua cha mama yake, taulo lililokuwa la bluu likiwa halina tena rangi ya bluu. Alifungua jicho, akaliona la Tembo lililovimba.

"Na wewe umegonga meza?" aliuliza kwa sauti ya puani.

Hakuna aliyecheka.

Hospitali waliwapokea upesi, maana damu haihitaji kujieleza. Muuguzi alimziba pua kwa pamba, akamchoma sindano mkononi kuchukua damu, na alipotoa sindano lile tundu dogo likaendelea kuvuja, akalibana kwa kidole akiwa anatazama ukuta na kuhesabu kimoyomoyo, akabana tena. Kisha akamwita daktari.

Daktari alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha kunyamaza ili umsikie. Alifunua mikono ya mgonjwa, akamfunua mgongo, akabonyeza vile vidoa vya miguuni na kuona kama vinapotea. Havikupotea. Akageuka, akalitazama jicho la Tembo, akatazama viganja vyake.

"Wewe ni mume? Naomba utoke nje kidogo. Nataka kuzungumza naye peke yake."

Kwa mara nyingine alikuwa mshukiwa. Tembo alitoka, akaketi kwenye benchi la ukumbini, na shemeji yake akaja kuketi ncha nyingine. Walikaa hivyo, wawili, benchi lote likiwa tupu katikati yao. Watu waliopita walimwangalia yeye, jitu lenye jicho bovu na fulana yenye matobo ya cheche, nao wakaharakisha.

"Kama ni mimi," Tembo alisema bila kugeuka, "kama nafanya usingizini, utanipeleka polisi mwenyewe. Usimwachie mama."

Shemeji yake alimkodolea macho. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane alikosa hasira ya kutumia.

Daktari alichelewa. Mtu wa maabara alipita na kichupa, akarudi, akaja kuchukua damu nyingine, safari hii akikimbia kidogo. Hatimaye mlango ukafunguliwa. "Nani mume?" daktari aliuliza, ingawa alishamjua. Tembo alisimama kama mtu aliyeitwa na hakimu.

"Ingieni wote. Hakuna aliyempiga."

Mama mkwe alikuwa ameketi karibu na kitanda. "Sasa haya yote yametoka wapi?"

"Nitawaeleza. Damu ina chembe za aina tatu. Nyekundu zinabeba hewa tunayovuta. Nyeupe zinapigana na maradhi. Na za tatu ni ndogo kuliko zote, zinaitwa chembe sahani, kazi yake ni kuziba. Mishipa midogo hupasuka mwilini kila siku, ukiinama, ukipiga chafya, ukigusa meza. Hujui kwa sababu chembe sahani zinakimbilia pale na kuziba. Mtu mzima mwenye afya, ukichukua tone dogo kuliko kichwa cha pini, utakuta humo zaidi ya laki moja na nusu. Yeye ana elfu sita. Nilidhani mashine imekosea, nikawaambia wachukue damu nyingine. Mashine haikukosea. Nikatazama mwenyewe kwa hadubini. Nilikuwa natafuta na saratani ya damu. Sikuiona."

Neno saratani lilipita chumbani na kutoka, lakini kila mtu alibaki na ubaridi wake.

"Zimekwenda wapi?" Tembo aliuliza.

"Zinaliwa."

"Na nini?"

"Na mwili wake mwenyewe."

Mwalimu aliyekuwa amelala aliinua kichwa. Pamba puani zilimfanya aonekane mtoto. "Daktari, mimi nina wimbo nawafundisha watoto. Chembe nyeupe ni walinzi, hawalali, wanafukuza wadudu. Tunaimba na kupiga makofi. Jana tu tumeuimba."

"Wimbo ni wa kweli. Ulipoumwa mafua, chembe zako nyeupe zilifanya kazi yake. Baadhi zilitengeneza kingamwili, vitu vidogo vinavyomng'ang'ania adui ili atambuliwe. Huenda ndipo jambo lilipoharibikia, hatuna hakika. Sasa zinatengeneza kingamwili zinazong'ang'ania chembe sahani zako. Zikipita kwenye wengu, hapa ubavuni kushoto, ambapo damu huchujwa, zinaonekana ni adui, zinaliwa. Uboho ndani ya mifupa yako unatengeneza nyingine kila siku, nazo zinaliwa."

"Kwa hiyo ananipiga mtu aliyemo ndani," Mwalimu alisema polepole.

"Hakupigi kwa chuki. Amekosea kukutambua."

Shemeji alikuwa amesimama ukutani. "Mimi nilimvuta mkono jana, daktari. Kama ningemsukuma? Kama angeanguka?"

Daktari hakumficha. "Ninachokiogopa zaidi ni kichwa. Kwa hesabu hii damu inaweza kuvujia kwenye ubongo, hata bila kuanguka. Ndiyo maana haendi nyumbani."

Yule mtu mzima, dereva wa lori la mchanga, aliteleza na ukuta mpaka akachuchumaa, akajifunika uso kwa viganja. Tembo alimtazama. Angependa kusema alimhurumia. Ukweli ni kwamba hakuwa na nafasi ndani yake ya mtu mwingine. Alikuwa bado amesimama kwenye lile neno, hakuna aliyempiga, akiligeuza na kuligeuza, asiamini kwamba ni lake.

Dawa zilianza siku hiyo hiyo, vidonge vya kuituliza kinga ya mwili ili ipunguze ukali. Daktari aliwaonya kwamba kinga ikitulizwa hutulia kwa yote, kwa hiyo mgonjwa akae mbali na wenye mafua na kikohozi, na zile dawa za maumivu alizokuwa akijinunulia dukani kwa ajili ya madoa aziache, maana nyingine zinazuia damu kuganda. Mwalimu alipewa mswaki laini kama wa mtoto mchanga. Kitanda chake kilizungushiwa mito.

Siku moja Tembo alipokwenda kuulizia majibu, yule mtu wa maabara, kijana mcheshi, alimwona anachungulia, akamwita ndani. "Njoo uone ya mkeo." Tembo, aliyezoea kutazama moto kupitia kioo cheusi, aliinamia hadubini akitarajia kuona vita. Aliona duara nyingi za rangi ya waridi, zimetulia, katikati zimefifia. Na kati yake moja kubwa, zambarau iliyokolea.

"Hiyo kubwa?"

"Chembe nyeupe."

"Ndiyo inayomla?"

"Hapo siwezi kukuonyesha mla na mliwa, kaka. Lakini ndugu zake hao ndio wanaokuponya wewe kila unapojichoma na vyuma vyako."

Tembo aliitazama muda mrefu. Alikuwa amekuja na hasira aliyoibeba kwa siku kadhaa, akitafuta wa kumtwika. Hakumwona. Akanyanyuka, akashukuru, akatoka akiwa na hasira yake ile ile na mikono mitupu.

Hesabu ilipanda. Kutoka elfu sita ikawa elfu ishirini, halafu hamsini. Dawa zilipopunguzwa ikaanguka tena, wote wakaanguka nayo. Zikaongezwa, ikapanda, safari hii ikashikilia. Uso wa Mwalimu ulivimba ukawa duara, akawa anakula kama mwashi, na akaweza kukasirika kwa kuwa kijiko kimewekwa kushoto. Alirudi nyumbani. Tembo alitandika godoro sakafuni, akawa analala huko, asije akamgeukia usingizini.

Mama mkwe alikuja kila siku. Mchana mmoja alimkuta Tembo jikoni anasafisha sufuria, akasimama mlangoni. "Baba," alisema, naye hakuwahi kumwita hivyo, "lile neno la nyoka..."

"Lilishatoka, mama."

"Lingekuwa linarudi, ningelimeza."

"Najua." Akamkabidhi kikombe cha chai. Kumkabidhi chai aliweza. Kusema yameisha hakuweza, na mama yule, kwa kuwa alikuwa mtu mzima, hakumlazimisha.

Mkuu wa shule naye alikuja, na furushi la michoro ya watoto. Mwalimu alikuwa amelala, kwa hiyo alikaa sebuleni na Tembo, miwani kifuani.

"Wenzangu wanasema nikuombe radhi," alisema. "Nimefikiri sana. Nasikitika kwa yaliyokupata. Jicho lako nalisikitikia. Lakini nikimwona mwingine ana alama zile, nitauliza tena."

Tembo aliona damu ikimpanda kichwani. Alikuwa na maneno tayari, aliyoyapanga kwa wiki kadhaa. Kilichotoka ni kingine.

"Uliza, mama."

Alishangaa kujisikia. Yule mama pia alishangaa. Lakini lilipokwisha kutoka, Tembo alijua limetoka wapi. Mama yake aliishi na uso ule miaka yote, akaenda sokoni nao, akaenda mashambani, akaenda misibani, na kila mtu akaukubali ule uchochoro wa kusema ameanguka. Hakuna aliyewahi kumwita baba yake ofisini na kufunga dirisha.

"Uliza tu," alirudia. "Ila ukishauliza, mpeleke na hospitali."

Siku daktari aliposema hesabu imepita laki moja na sasa watakuwa wanapima mara moja moja tu, ilikuwa Jumapili, na mchana mvua ilinyesha. Mwalimu alikuwa kitandani anatazama dirisha. Tembo alikuwa kwenye godoro lake sakafuni, mikono nyuma ya kichwa.

"Fundi."

"Naam."

"Nilimwambia mama habari za baba yako kwa sababu nilitaka akupende. Nilitaka ajue umetoka wapi na umekuwa nani. Sikujua angeweka akiba."

"Iliniuma kuliko ngumi," alisema Tembo.

"Najua." Mvua ilizidi kidogo juu ya bati. "Kuna jingine. Ile siku walipokuja kunichukua, nilipokuwa kwa mama. Nililala macho. Nikajiuliza, je, kama ni kweli? Kama ananipiga nikiwa nimelala na mimi sijui?" Sauti yake ilikuwa imekauka. "Mimi mwenyewe, Fundi. Kwa muda mfupi, lakini nilikuogopa."

Tembo alikodoa macho darini. Alitegemea jambo lile limchome, akalingoja limchome, na badala yake alihisi kitu kama mtu aliyebeba boriti peke yake akagundua kuna bega jingine upande wa pili.

"Na mimi," alisema.

"Na wewe nini?"

"Niliamini. Nilimwambia kaka yako anipeleke polisi."

Mwalimu alijiinua kwa kiwiko, uso wake wa duara ukatokea ukingoni mwa kitanda, ukamwangalia kule chini. Walitazamana, wawili, kama watu walionusurika kugongwa na gari lile lile, kila mmoja akidhani mwenzake hakuwepo.

"Tulikuwa wajinga kweli," alisema mwishowe.

"Tulikuwa peke yetu."

Alimnyooshea mkono. Ulikuwa safi, hauna doa. Tembo aliutazama bila kuushika.

"Panda juu," alisema Mwalimu. "Sakafu ina baridi."

"Nikikulalia?"

"Nitakupiga."

Alipanda. Alijibanza ukingoni kabisa, nusu ya mwili nje, mtu mzima wa mabega yale akiwa amejikunja kama shuka lililokunjwa. Mwalimu alipopitiwa na usingizi, mguu wake ukaja, mzito wa dawa na wa kula, ukatua juu yake. Tembo hakuusogeza. Alilala macho, akisikiliza mvua, akihesabu pumzi za mkewe, asithubutu kutikisika.